Poncho ya mvua juu ya baiskeli: jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali nililoletewa limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, ambaye kila siku huendesha baiskeli kiasi cha kilomita 9 kwa kuifuata barabara ya Segera akiingia mjini, na jioni hurudi kwa njia hiyo hiyo. Anaeleza kwamba masika yaliyopita alinunua koti zito la mvua lenye mikono, pamoja na suruali yake, lakini akawa anafika shuleni nguo za ndani ya koti zimelowa kana kwamba hakuvaa kitu. Sasa ameona dukani poncho, yaani lile vazi pana la mvua lisilo na mikono ambalo mtu hulivaa kwa kupitisha kichwa, naye anauliza kama litamfaa, kama upepo hautalipeperusha, kwa nini miguu na pindo la sketi yake hulowa hata siku za manyunyu, na kofia ya poncho ataivaaje pamoja na ushungi.

Mwalimu, nianze na koti lako, kwa sababu ukielewa lilikosea wapi utajua pia cha kutazama kwenye poncho. Koti lile halikuvuja. Maji uliyoyakuta ndani yalikuwa jasho lako mwenyewe. Mwendesha baiskeli hutumia nguvu nyingi kuliko ile inayofika kwenye pedali: katika kila sehemu nne, moja tu, au pungufu kidogo, ndiyo inayosukuma baiskeli, na zilizobaki hugeuka joto. Mtu anayekwenda mwendo wa kawaida kwenye barabara tambarare, akiweka wati 60 hivi kwenye pedali, hutoa joto la kama wati 200, ambalo ni sawa na kuwasha balbu mbili za zamani za wati 100 ndani ya koti lililofungwa hadi shingoni. Mwili hujipoza kwa kutoa jasho, jasho hugeuka mvuke, na mvuke usipopata pa kutokea hurudi kuwa maji kwenye upande wa ndani wa kitambaa, kisha huanza kutiririka mikononi na mgongoni.

Huenda muuza duka atakuambia kwamba dawa yake ni koti ghali zaidi, lile linalosifiwa kuwa linapumua. Makoti hayo yapo kweli, na ubunifu wake ni wa kuheshimika. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Gore aligundua kwamba plastiki ya PTFE ikivutwa kwa ghafla hujaa vitundu vidogo mno, ambavyo havipitishi tone la maji lakini huruhusu mvuke kupita. Lakini mvuke haupiti kwa hiari yake. Husukumwa na tofauti ya shinikizo la mvuke kati ya ndani na nje, na hapo ndipo pwani yetu inapolinyima koti hilo nafasi ya kufanya kazi. Hewa yenye unyevu kamili iliyo karibu na ngozi ya nyuzi 34 ina shinikizo la mvuke la kilopaskali 5.3 hivi. Katika mvua ya Ulaya yenye nyuzi 10, hewa ya nje ina kilopaskali 1.2, kwa hiyo tofauti ni zaidi ya 4. Katika mvua ya Tanga yenye nyuzi 25, hewa ya nje ina kilopaskali 3.2, na tofauti inabaki 2 tu. Koti lile lile, mtu yule yule, lakini nguvu ya kuutoa mvuke ni nusu. Ndiyo maana sikushauri utumie mshahara wako kwenye koti lililobuniwa kwa ajili ya nchi za baridi.

Poncho hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Haitegemei kitambaa kupitisha mvuke, kwa maana iko wazi chini pande zote, na mikono yako inapoushika usukani huinua kitambaa kikakaa mbali na kifua kama paa lilivyo mbali na sakafu. Hewa huingia kwa chini unapokwenda, hupita mwilini na kuondoka na mvuke. Hata poncho ya plastiki isiyopumua hata kidogo itakuacha mkavu zaidi kuliko koti la kubana. Zamani huko Uingereza, kabla makoti ya nailoni hayajaenea, wafanyakazi waliokwenda viwandani kwa baiskeli walivaa vazi la namna hii lililoshonwa kwa kitambaa cha pamba kilichotiwa mafuta au nta, na katika miji ya China hadi leo ndilo vazi la mvua la waendeshaji wengi. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni ndiyo: kwa safari ya kilomita 9, kwenye barabara isiyo na milima mikali na katika hali ya hewa ya pwani, poncho ndiyo ninayokuchagulia. Sharti lake ni kwamba baiskeli nayo iwe imeandaliwa, na hapo naingia kwenye jambo ambalo watu wengi hulipuuza.

Poncho ni paa, na paa halizuii maji yanayotoka sakafuni. Umesema miguu na pindo la sketi hulowa hata siku za manyunyu. Maji hayo hayatoki mawinguni, yanatoka kwenye magurudumu yako. Tairi linapokanyaga lami yenye maji huyabeba na kuyarusha linapozunguka: gurudumu la mbele huyapeleka kwenye nyayo, kwenye vifundo vya miguu na kwenye mnyororo, na la nyuma huyapandisha mgongoni na kwenye kiti. Ukiwa umevaa poncho hali huweza kuwa mbaya zaidi kuliko bila poncho, kwa sababu maji yanayorushwa kutoka chini huingia ndani ya lile paa na kugonga upande usio na kinga, na wewe hutayaona mpaka ushuke. Baiskeli za gia zinazoletwa zikiwa zimetumika nje mara nyingi hufika bila madigadi. Kama yako ni mojawapo, anza kwa fundi baiskeli kabla ya kwenda dukani kununua poncho.

Madigadi yafaayo yana sifa chache. Yawe mapana kuliko tairi, kwa kadiri ya nusu ya upana wa kidole kila upande. La nyuma lishuke hadi usawa wa ekseli au chini yake. La mbele ndilo lenye kasoro karibu katika kila baiskeli ninayoletewa, kwa sababu huishia juu mno, na maji hutoka chini yake moja kwa moja hadi miguuni. Tiba yake haina gharama. Kata kipande cha tyubu ya zamani ya gari, au cha dumu la plastiki, chenye upana wa kiganja, kifunge kwa boliti mbili ndogo kwenye ncha ya chini ya digadi la mbele, na ukiache kining'inie hadi kibaki kama upana wa vidole vinne au vitano kutoka ardhini. Kisifike chini zaidi ya hapo, kwa sababu kitanaswa kwenye matuta na mawe. Nimewafungia watu wengi kipande hiki, na ninasema kwa uhakika kwamba ndicho kinachopunguza kulowa kwa miguu kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua. Mnyororo wako nao utadumu zaidi, maana maji yenye mchanga kutoka gurudumu la mbele ndiyo yanayoula.

Hata hivyo, mwalimu, nyayo zitalowa kidogo, na sioni haja ya kushindana na hilo. Vaa kandambili au viatu vya plastiki njiani, kunja suruali au tanguliza sketi fupi ya kuendeshea chini ya poncho, na viatu vya darasani vibebe. Mzigo wenyewe usiuvae mgongoni, kwa maana begi chini ya poncho huinua kitambaa kikawa nundu, likafupisha sehemu ya nyuma na kuifanya ishike upepo. Uweke kwenye keria. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019 watu wengi wamekosa cha kufungia madaftari. Mimi napendekeza ndoo ndogo yenye kifuniko cha kubana, ifungwe kwa mpira wa tyubu juu ya keria. Haipitishi maji, haichakai, na viatu, ushungi mkavu na madaftari ya wanafunzi vyote huingia humo.

Sasa poncho yenyewe. Nyingi zinazouzwa zimeshonwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu: mbele na nyuma zina urefu sawa, na pembeni zinafika chini sana. Ukikaa kwenye baiskeli, mikono ikanyooka, kitambaa cha mbele huvutwa na kuishia kwenye vifundo vya mikono, vidole vikabaki nje, na maji ya mikononi yakatiririka kurudi hadi kwenye viwiko. Poncho ya baiskeli lazima iwe ndefu zaidi mbele. Namna ya kupima ni kupanda baiskeli yako ikiwa imeshikiliwa na mtu, kushika usukani kama unavyoushika siku zote, na kumwomba mwenzako apime kutoka kwenye kola hadi upana wa kiganja kimoja mbele ya vidole vyako. Pembeni pindo lifike chini kidogo ya goti wakati mguu uko chini kabisa. Nyuma lifunike kiti na kuning'inia si zaidi ya shibiri moja chini yake, kwani likizidi hapo litafikia gurudumu, na kitambaa kikinaswa na spoki ni ajali. Kama huipati yenye vipimo hivyo, chukua kubwa ya mtembea kwa miguu uipeleke kwa fundi cherehani apunguze nyuma na aunganishe kipande mbele. Kazi hiyo ni ya saa moja kwa fundi anayejua.

Mwambie fundi huyo aongeze vitu viwili. Cha kwanza ni vitanzi vya kuingiza vidole gumba, vishonwe upande wa ndani wa pindo la mbele, kimoja kulia na kimoja kushoto, na viwe vya lastiki laini. Visiwe kamba ngumu, wala visifungwe kwenye vifundo vya mikono au kwenye usukani, kwa sababu siku ukiteleza ni lazima mikono itoke yenyewe bila kufikiri. Cha pili ni mkanda wa kiunoni, ushonwe mgongoni kwa ndani na kufungwa tumboni chini ya poncho, ili nusu ya nyuma ishikwe na mwili huku nusu ya mbele ikiwa imeshikwa na vidole. Vitu hivi viwili ndivyo vinavyotofautisha poncho inayotulia na ile inayokugeuka usoni. Ukikaa, hakikisha sehemu ya mbele imevutika na inateremka. Ikilegea hufanya bonde mapajani, maji hukusanyika humo, na uzito wake huyasukuma kupenya kwenye mishono.

Kuhusu upepo nitakuambia ukweli wote, kwa sababu hapo ndipo poncho ina udhaifu usioondoka. Vitanzi na mkanda huufanya upepo wa kawaida uvumilike, lakini vazi pana litabaki kuwa tanga. Mvua za Aprili na Mei kwenu huja kusi ikiwa imeanza kushika, na mtu anayeingia Tanga kwa barabara ya Segera asubuhi hupokea upepo huo kutoka ubavu wa kulia na mbele kidogo. Ubavu huo ndio unaopitwa na malori. Lori likikupita hukukingia upepo kwa nukta moja kisha upepo hurudi kwa kishindo, na poncho hulikuza pigo hilo. Unapolisikia linakuja, punguza mwendo, inamisha kiwiliwili, bana pindo la mbele kati ya vidole na usukani, na usiendeshe kwenye ukingo kabisa wa lami ambako hakuna nafasi ya kuyumba. Siku ambayo miti inayumba na mvua inakuja mlalo, usiivae poncho barabarani. Siku hiyo subiri kwenye baraza, au endesha na nguo nyepesi ulowe, ubadilishe ukifika. Katika joto la pwani kulowa kwa nusu saa hakumdhuru mtu mwenye afya, ilhali kuangushwa mbele ya gari kunadhuru. Na kama kuna radi ya karibu, ingia ndani ya jengo. Mti uliosimama peke yake si kinga.

Wengine hunijibu kwamba wao hutumia mwavuli. Nakuomba usifanye hivyo. Mkono mmoja unaoshika mwavuli umeiacha breki moja, na mvuani breki zote mbili zinahitajika kuliko wakati wowote, hasa kama baiskeli yako ni ile nzito yenye rimu za chuma kilichopakwa kromiamu, ambazo zikilowa mpira wa breki huteleza juu yake kana kwamba umepakwa sabuni. Zoea kugusa breki kidogo mapema, mita nyingi kabla ya unapotaka kusimama, ili mpira uifute rimu kwanza. Ukiwa na poncho jaribu pia uani kwako kama vitanzi havikuzuii kuifikia mikono ya breki.

Poncho hufunika vingine unavyovihitaji. Taa iliyofungwa kwenye usukani itakuwa chini ya kitambaa, kwa hiyo ihamishie kwenye uma wa mbele au juu ya digadi, na ya nyuma iwe kwenye keria au kwenye digadi, isiwe kwenye nguzo ya kiti. Ishara za mkono hazionekani, hivyo unapotaka kukata kona toa mkono wote nje ya pindo mapema, au ushuke uvuke kwa miguu. Rangi ichague ya njano au ya chungwa. Poncho nyeusi au ya kijani kibichi wakati wa mvua humfanya mtu apotee machoni pa dereva ambaye kioo chake kimejaa maji.

Ushungi wako hauleti tatizo lolote, una faida. Kofia ya poncho kwa kawaida haigeuki pamoja na kichwa: ukitazama nyuma unaona kitambaa, na hilo ni hatari kubwa kwa anayetaka kukata kona. Vaa ushungi mfupi na mwepesi uliobana, kisha kofia juu yake, na uibane kofia kwenye ushungi kwa pini mbili ndogo, moja kila upande karibu na kipaji cha uso, ukizipitisha kwenye upindo wa ukingo ambao tayari una mshono na kamwe si juu ya kichwa. Sasa kofia itageuka unapogeuka. Ukivaa kapelo ndani yake, ule ukingo wa mbele utazuia matone kuingia machoni, jambo ambalo anayevaa miwani ataliona mara moja. Kama unavaa kofia ngumu ya baiskeli, kofia ya poncho ikae chini yake.

Kwenye kitambaa nitakuwa mfupi, kwa kuwa mchoro wa vazi una uzito kuliko kitambaa. Watengenezaji hupima kinga kwa safu ya maji, yaani urefu wa maji ambayo kitambaa hubeba kabla ya kupenyeza. Chukua iliyoandikwa milimita 3,000 au zaidi kama maandishi yapo. Kama hayapo, kunja kitambaa kiwe kama bakuli mahali penye mshono, mimina jagi la maji, ngoja nusu saa, kisha pitisha mkono chini. Plastiki nene ni rahisi kwa bei lakini hupasuka kwenye mikunjo. Nailoni iliyopakwa utando kwa ndani ni nyepesi na hukunjika kufikia ukubwa wa embe, ila utando huo huharibiwa na joto pamoja na unyevu, ukaanza kunata na kubanduka. Tatizo hili ni la tangu mwanzo: Charles Macintosh wa Glasgow alipopata hataza mwaka 1823 ya kubandika mpira katikati ya vitambaa viwili, nguo zake zilinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, mpaka miaka ya 1840 ulipoenea ujuzi wa kupika mpira pamoja na salfa. Kwa hiyo usiikunje poncho ikiwa mbichi ukaiacha ndani ya ndoo hadi kesho. Ukifika, ikung'ute, itundike kivulini ikiwa imegeuzwa, upande wa ndani ukiwa nje, na mara moja kwa wiki isuuze kwa maji baridi yasiyo na sabuni ili kutoa tope. Usiianike juani mchana kutwa, na usiipige pasi. Matundu ya sindano aliyoyaacha fundi kwenye kipande kipya yasugue kwa nta ya nyuki pande zote mbili, na rudia kila mwanzo wa masika na wa vuli.

La mwisho ni mwendo. Ukiondoka nyumbani dakika kumi mapema na kuendesha polepole kuliko kawaida, joto la mwili litapungua kiasi kwamba hewa inayopita chini ya poncho itaweza kulichukua jasho kabla halijalowesha blauzi. Vaa kitu chepesi kimoja tu ndani. Mwanzoni utahisi ubaridi kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa baada ya kilomita ya pili utakuwa umeshapata joto. Siku ya kwanza ijaribu poncho Jumamosi kwenye barabara ya mtaani, kukiwa na manyunyu na usiwe na haraka ya kufika popote, ili vidole vizoee vitanzi na ujue pindo la nyuma linaishia wapi ukigeuka.